Deni la Taifa: Kwa Nini Nchi Moja Huaminiwa na Nyingine Hukimbiwa na Wakopeshaji

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya jamaa wa misikiti ya Katumba, Mpanda, mkoani Katavi)



 

Waheshimiwa masheikh na maimamu, wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu vijana. Huenda mkastaajabu kwamba tumepewa nafasi ya kusimama mbele yenu, nasi tukachagua jambo ambalo kwa desturi huzungumzwa Bungeni Dodoma na katika vyumba vya Benki Kuu. Tumelichagua kwa sababu ninyi wenyewe mmekuwa mkiliuliza. Mwaka 2025, wakati wa bajeti, ilielezwa Bungeni kuwa deni la Serikali limevuka shilingi trilioni 100, na tangu hapo barazani hapana utulivu. Wapo waliochukua kalamu wakaligawa deni hilo kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa katika Sensa ya 2022, wakapata zaidi ya shilingi milioni 1.6 kwa kila kichwa, mtoto mchanga naye akiwemo.

Kwetu Katumba swali hili lina uzito wa pekee. Wazee wetu wengi walifika nchi hii wakiwa wakimbizi, wakikimbia machafuko ya Burundi ya mwaka 1972. Makazi haya yakaanzishwa 1973, na ilipofika 2010 Serikali ikawakubalia uraia watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Yupo mzee aliyetuuliza kwa upole lakini kwa kutaka jibu: je, mtu aliyepata uraia jana anadaiwa mkopo uliochukuliwa juzi, kabla hajawa raia? Jibu ni ndiyo. Dola ina dhima moja isiyokufa kwa kufa viongozi, na anayeingia katika uraia huingia katika haki zake na madeni yake kwa mlango mmoja.

Lakini ile hesabu ya kugawa deni kwa vichwa, ingawa si ya uongo, haitufikishi popote. Japani inadaiwa zaidi ya mara mbili ya pato lake la mwaka mzima, na kwa miaka mingi wakopeshaji wameendelea kuikopesha kwa riba ndogo mno. Jirani zetu Zambia walitangazwa kuwa wameshindwa kulipa, Novemba 2020, kwa sababu ya malipo ya riba ya dola milioni 42.5 tu. Ethiopia ilianguka Desemba 2023 kwa dola milioni 33. Hizo ni fedha ambazo dola yenye mamilioni ya watu ingetarajiwa kuzipata. Basi ukubwa wa deni peke yake sio ugonjwa. Ni lazima tutazame deni hilo ni la sarafu gani, linadaiwa siku gani, limeandikwa wapi, na wenye nchi wanalikubali au hawalikubali.

Tumbaku na mahindi

Jambo la sarafu hatuna haja ya kulitafuta Ulaya. Liko mashambani mwetu. Mnajua kwamba tumbaku ya Tanzania hupangiwa bei kwa dola ya Marekani kwa kilo, na mkulima hupewa mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, deni likakatwa siku ya soko. (Hukumu ya kilimo cha tumbaku ina mahali pake, haitatushughulisha leo.) Mahindi nayo huuzwa kwa shilingi, awe mnunuzi ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula au mfanyabiashara aliyekuja na lori.

Tuchukue wakulima wawili, mmoja wa tumbaku na mmoja wa mahindi, na kila mmoja amekopa pembejeo za dola 100. Siku ya kukopa dola moja ilikuwa shilingi 2,300, kwa hiyo deni ni shilingi 230,000. Siku ya kulipa dola imefika shilingi 2,500, na deni limekuwa shilingi 250,000. Mkulima wa tumbaku hana wasiwasi, kwa kuwa anachouza kimepanda pamoja na anachodaiwa; kilo zilezile alizokusudia kulipia ndizo zitakazolipa. Mkulima wa mahindi hana budi kuongeza magunia. Hakukopa shilingi moja zaidi, hakufuja, hakuoa mke wa pili kwa fedha za mbolea, na bado deni lake limekua akiwa amelala.

Serikali zetu ni mkulima wa mahindi. Kodi zake ni za shilingi. Deni lake kwa sehemu kubwa, kama theluthi mbili, ni la nje, na katika hilo la nje dola ndiyo iliyotawala. Japani tuliyoitaja inadaiwa yeni, na wanaoidai wengi wao ni Wajapani wenyewe na mabenki yao. Hapo ndipo penye tofauti. Anayetaka kujua kama nchi itaaminiwa huanza kwa kuuliza inaingiza dola ngapi kwa mwaka, kisha hulinganisha na dola zinazodaiwa mwaka huohuo. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, pamoja na Benki ya Dunia, kwa nchi za daraja letu, huweka ukomo kwamba malipo ya deni la nje yasizidi asilimia 15 ya mauzo ya nje. Kwa kipimo chao Tanzania imehesabiwa tangu 2021 kuwa na hatari ya wastani, baada ya kuwa katika hatari ndogo. Kenya imehesabiwa tangu 2020 kuwa katika hatari kubwa.

Dola hizo kwetu huletwa na dhahabu, watalii, mizigo ya majirani ipitayo bandarini Dar es Salaam, korosho, kahawa na hiyo tumbaku. Kwa hiyo mchimbaji mdogo wa dhahabu wa hapa Mpanda, ambaye huenda hajawahi kusikia neno hati fungani, ni mmoja wa watu wanaoibebea Serikali jina lake mbele ya wakopeshaji. Ndiyo maana tangu Oktoba 2024 wachimbaji wakubwa na wafanyabiashara wa madini wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa soko la ndani, ambamo Benki Kuu hununua ili kuongeza akiba ya nchi. Mnakumbuka 2023, dola zilipokuwa adimu, waagizaji wa mafuta na mbolea wakahangaika na bei zikapanda. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya tunavyonunua, na Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba zake kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kupita asilimia 5 mwaka uliofuata. Mwenye fedha akiona anaweza kupata asilimia 5 kwa kumkopesha Mmarekani bila hofu, hana haja ya kuvuka bahari kuja kwetu, na akija hutaka zaidi sana. Kuanzia majira ya kati ya 2022 hadi Januari 2024 hapakuwa na nchi ya Afrika kusini mwa Sahara iliyouza hati fungani ya dola katika soko la dunia. Soko lilifungwa kwa wema na wabaya pamoja.

Siku ya kulipa

Zambia inafaa tuitazame kwa utulivu, kwani ni jirani, mpaka wetu nayo hauko mbali na hapa, na mwenendo wake unafanana na wetu. Mwaka 2005 ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya zamani. Ikawa kama mtu aliyetoka kuoga. Mwaka 2012 ikaingia katika soko la dunia kwa mara ya kwanza na kuuza hati fungani za dola milioni 750, kwa riba isiyofika asilimia 6, na wanunuzi walikuwa wengi kuliko hati zenyewe. Mwaka 2014 ikarudi kuchukua dola bilioni moja, na 2015 ikachukua bilioni 1.25 kwa riba iliyozidi asilimia 9. Angalieni riba inavyopanda: mkopeshaji alikwisha kuanza kuogopa, lakini hakuacha kukopesha. Aliipandishia bei ya hofu yake.

Kisha bei ya shaba ikashuka, na shaba ndiyo dola zao. Mvua zikawa chache, maji ya Kariba yakapungua, umeme ukakatika, na kwacha ikapoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake katika mwaka huo mmoja wa 2015. Hati zile, tofauti na mikopo nafuu, hazilipwi kidogo kidogo. Kila miezi sita hulipwa riba, na mwisho wa miaka 10 au zaidi hudaiwa rasilimali yote kwa siku chache. Serikali hutegemea kwamba siku hiyo itakopa kwingine ilipie. Ilipokuja korona, 2020, hapakuwa na kwingine. Baada ya kushindwa kulipa zile dola milioni 42.5, mazungumzo ya kupanga upya madeni yalichukua zaidi ya miaka mitatu. Wenye hati fungani hawakumalizana na Zambia mpaka Juni 2024.

Kenya walifika ukingoni na hawakuanguka, na kisa chao kinafundisha zaidi. Juni 2014 waliuza hati fungani za dola bilioni 2, sehemu kubwa kwa miaka 10 na riba ya asilimia 6.875, na baadaye mwaka huohuo wakaongeza. Kwa hiyo ilijulikana miaka 10 kabla kwamba Juni 2024 watadaiwa dola bilioni 2 kwa mpigo. Kadiri siku ilivyokaribia ndivyo hofu ilivyoongezeka, na shilingi yao ikashuka hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024. Februari wakauza hati mpya za dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, wakazitumia kununua sehemu kubwa ya zile za zamani kabla ya siku yake. Hofu ikatulia na shilingi ikarudi hadi kama 130 katika muda wa miezi miwili. Hakuna migodi mipya iliyofunguliwa Kenya katika miezi hiyo miwili. Kilichobadilika ni kwamba wenye fedha waliondokewa na shaka juu ya siku moja katika kalenda.

Lakini utulivu huo ulinunuliwa. Riba ya asilimia 9.75 kwa dola bilioni 1.5 ni dola milioni 146 kwa mwaka. Kwa riba ya 2014 ingekuwa kama milioni 103. Tofauti ya milioni 43 kila mwaka ni bei ya kutoaminiwa, nayo hulipwa na mkulima wa majani ya chai wa Kericho na mchuuzi wa Gikomba, ambao hawakuulizwa.

Sisi Tanzania hatukuuza hati za namna hiyo hadharani katika soko la dunia kama walivyofanya wao, na hili limetuepusha na siku kubwa za namna hiyo. Mikopo yetu mingi ya nje bado ni ya mashirika ya kimataifa, yenye muda wa miaka 30 au zaidi na gharama ndogo. Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, iliyowaondolea wasafiri wetu adha ya masika, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wajukuu zetu ndio watakaomaliza kuulipa, na ni haki, kwa kuwa nao wataitumia. Mikopo ya kibiashara hata hivyo imekuwa ikiongezeka. Februari 2020 Serikali ilipata dola bilioni 1.46 kupitia benki ya Standard Chartered kwa ajili ya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kuelekea Makutupora, na mashirika ya dhamana ya Denmark na Sweden yakasimama kuwa wadhamini. Mwenye kudhaminiwa na tajiri hukopeshwa kwa masharti mepesi kuliko angekwenda peke yake. Hili mnalijua hata katika vikundi vya kuweka na kukopa.

Tulikwisha kupita njia hii

Vijana wasidhani kuwa haya ni ya majirani tu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, bei ya kahawa ikaporomoka baada ya neema ya muda mfupi, vita vya Kagera vikaja 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda kwa mara ya pili. Dola zikakauka. Wakati huo hapakuwa na hati fungani wala makampuni ya kutupima, lakini kutoaminiwa kulikuwepo kwa sura nyingine: mwenye kiwanda huko nje hakukubali kupeleka bidhaa mpaka alipwe kwanza, na malimbikizo yakazidi kukua. Mwaka 1986, mwanzoni mwa uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Serikali ilikubaliana na IMF, shilingi ikashushwa kutoka kama 17 hadi 40 kwa dola, na Septemba mwaka huo mataifa wakopeshaji yaliyokutana katika Klabu ya Paris yakakubali kupanga upya madeni yetu. Msamaha mkubwa haukuja mpaka Novemba 2001. Yaani mtoto aliyezaliwa siku za foleni alikwisha kuwa mtu mzima deni lilipopunguzwa. Kipindi hichohicho ndipo ada ya shule za msingi ilipoondolewa, na madarasa yakafurika.

Na wanafunzi wa historia ya Waislamu wanajua ya Misri. Khedive Ismail alikopa Ulaya kwa ajili ya mifereji, reli, majumba na fahari. Mwaka 1875 aliiuzia Uingereza hisa za Misri katika Mfereji wa Suez kwa karibu pauni milioni 4, na mwaka uliofuata akashindwa kulipa. Ikaundwa tume ya Wazungu kusimamia deni, Ismail akaondolewa 1879, na 1882 majeshi ya Uingereza yakaingia. Dola ya Uthmaniya nayo, iliyositisha sehemu ya malipo yake 1875, ililazimika kuanzia 1881 kuwaachia wakopeshaji idara nzima iliyokusanya kodi za chumvi, hariri na, kwa bahati ya maneno yetu ya leo, tumbaku. Siku hizi hawaji na manowari. Huja na mahakama za London na New York, ambako mikataba mingi ya hati hizi huandikwa kuwa ndiko kutakakoamuliwa kesi.

Kuandika deni

Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani Tukufu, nayo imo katika Suratul-Baqarah, inahusu deni la muda: liandikwe, awepo mwandishi muadilifu, wawepo mashahidi. Hatuisomi hapa kwa tafsiri, mnaijua. Tunaitaja kwa sababu jambo la tatu wanalolitazama wakopeshaji ni hilohilo.

Jirani yetu wa kusini, Msumbiji, katika miaka ya 2013 na 2014 makampuni yake ya Serikali yalikopa takriban dola bilioni 2, kwa maelezo ya kununua meli za uvuvi wa jodari na za ulinzi wa pwani. Sehemu kubwa ya madeni hayo ilidhaminiwa na Serikali kwa siri, bila ya Bunge kujua. Mambo yalipofichuka Aprili 2016, IMF na wafadhili walisimamisha misaada, fedha ya nchi ikaporomoka, na Januari 2017 Msumbiji ikashindwa kulipa. Tazameni kilichotokea: deni lililofichwa halikumdhuru aliyelificha peke yake, bali lilitia shaka hata lile lililoandikwa vizuri. Zambia nako, Serikali mpya ilipoingia 2021, ilielezwa kuwa madeni kwa wakopeshaji wa China yalikuwa karibu mara mbili ya yale yaliyokuwa yakitajwa. Mtu akishagundua daftari moja la siri hudhani yapo mengine saba.

Na sisi tuna letu. Mwaka 2013 Tanzania ilikopa dola milioni 600 kwa kuwauzia hati wanunuzi maalumu, kupitia benki ya Standard Bank na tawi lake la hapa nchini. Ilikuja kubainika kwamba asilimia moja ya mkopo huo, yaani dola milioni 6, ilipelekwa kwa kampuni ya hapa iitwayo EGMA, iliyoongezwa katika mpango huo kuwa wakala. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo Standard Bank ililipa faini pamoja na kuirudishia Tanzania hizo milioni 6 na riba yake ya dola milioni moja. Fedha zilirudi, na tunashukuru. Ila yafaa tujue kuwa gharama ya mkopo haiko katika riba tu. Imo pia katika mikono inayoupitisha.

Wanaopanga madaraja

Mmesikia katika redio kwamba Tanzania imepandishwa au imeshushwa daraja. Yapo makampuni matatu makubwa, Moody's, S&P na Fitch, ambayo kazi yake ni kueleza wakopeshaji hatari ya kila mdaiwa. Moody's iliipima Tanzania kwa mara ya kwanza Machi 2018 ikaipa daraja la B1, ngazi nne chini ya pale wanapopaita mahali salama pa kuweka fedha. Agosti 2020 ikaishusha hadi B2, na Machi 2024 ikairudisha B1.

Makampuni haya yanalaumiwa, na lawama nyingine ni za haki. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikadiria 2023 kwamba upendeleo katika upimaji umezigharimu nchi za Afrika dola bilioni 74.5, na Umoja wa Afrika umekuwa ukiandaa wakala wake wenyewe. Sisi twaona kwamba lawama hiyo isitumiwe kuwa kichaka. Anayepimwa joto na akakuta homa hapati nafuu kwa kuugombeza ugonjwa wa jirani wala kwa kuvunja kipimo. Jambo la kukumbuka ni kwamba daraja hupima kama mkopeshaji atalipwa. Halipimi kama raia wametendewa haki. Serikali inaweza kupandishwa daraja huku mstaafu wake hajapata kiinua mgongo, mkandarasi wake wa barabara hajalipwa, na mkulima aliyepeleka mahindi ghalani anaambiwa asubiri. Kwa kweli wa ndani ndio wa kwanza kuambiwa wasubiri, kwa sababu hawana mahakama London. Sisi tunaoishi vijijini tunaweza kuliona deni la nje likibana kabla ya magazeti kuandika, kwa kutazama tu malipo ya ndani yanavyochelewa.

Ridhaa ya wenye nchi

Tumebakiwa na lililo gumu zaidi. Deni hulipwa kwa kodi, na kodi hulipwa na watu. Mei 2024 Serikali ya Kenya ilipeleka Bungeni Muswada wa Fedha uliokusudia kukusanya kama shilingi bilioni 346 za Kenya zaidi, na deni lilikuwa sababu mojawapo kubwa. Vijana wakaingia mitaani, tarehe 25 Juni wakaingia hata ndani ya Bunge, makumi ya watu wakauawa katika siku hizo, na Rais akakataa kuutia saini muswada. Tarehe 8 Julai Moody's ikaishusha Kenya hadi Caa1, ikieleza kuwa uwezo wa Serikali kupunguza deni umepungua. Wapo waliosema kuwa vijana ndio walioiangusha nchi. Hatukubaliani nao. Mkopo uliochukuliwa bila ya watu kuelezwa ulikuwa umepasuka tangu siku ya kutiwa saini. Juni 2024 ndiyo siku mpasuko ulipoonekana.

Hata kwetu hatuwezi kunyamaza kana kwamba hatukuona. Baada ya vurugu na vifo vilivyofuatia uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe, alipokuwa akiwaapisha mawaziri Novemba, alisema kuwa yaliyotokea yametia doa sura ya nchi na huenda yakapunguza uwezo wa kupata mikopo na misaada kutoka nje. Hakuna kilo moja ya dhahabu iliyopungua ardhini kwa sababu ya siku zile, wala tarehe ya deni iliyosogezwa. Hata hivyo kiongozi wa nchi aliona mara moja kuwa damu na deni vina uhusiano. Mkopeshaji huuliza nani atakuwepo miaka 10 ijayo, na kama watu watakubali kumlipia. Swali la pili si la kibenki, na jibu lake halipatikani Benki Kuu.

Ndugu zetu wengine wametuuliza kama sukuk ingetuokoa, kwa kuwa riba hukumu yake inajulikana. Zanzibar ilizindua sukuk yake 2025, kwa shilingi na kwa dola, na ni hatua tunayoipokea vizuri: mwenye kutoa fedha anashirikishwa katika mali iliyopo, badala ya kuuza fedha kwa fedha. Inaifunga Serikali ionyeshe ni mradi gani na uko wapi. Lakini fungu la dola litalipwa kwa dola, na siku yake itafika kama zinavyofika nyingine. Kwa hiyo maswali tuliyouliza juu ya hati fungani tutayauliza pia juu yake. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa Bungeni kila mwezi Aprili, na ndani yake imo sura ya deni. Imeandikwa kwa Kiswahili pia. Tumewaomba vijana wanaosoma sekondari hapa Katumba wailete na kuisoma kwa sauti barazani baada ya Sala ya Alasiri, ukurasa kwa ukurasa, na wazee waulize.